Kipindi cha Mpito: Saketi ya RLC, Mafundi wa Butali na Deni la Wanakiswahili

Katika makongamano ya vyama vya Kiswahili vyuoni, kuna kauli moja ambayo haikosi kutolewa: kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza sayansi na teknolojia. Kauli hiyo hupigiwa makofi, ikaandikwa katika maazimio, nasi tukatawanyika. Mwaka unaofuata hurudiwa, aghalabu na wasemaji wale wale. Sina ugomvi na kauli yenyewe. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuitetea bila kuitenda. Anayedai kuwa jembe lake linalima hana budi kulipeleka shambani.

Makala haya yanakusudia kulipeleka jembe hilo shambani, tena penye udongo mgumu. Nimechagua mada ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi wa umeme hukutana nayo: jinsi saketi yenye resista, koili na kapasita, yaani saketi ya RLC, inavyoyumba na kutulia pindi umeme unapowashwa. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si mhandisi, na ndiyo sababu nimeichagua. Ninadai mambo mawili. Kwanza, maneno ya kuielezea mada hii tunayo tayari, mengine vinywani mwa mafundi na mengine katika hazina ya fasihi yetu. Pili, kinachotupungukia ni maelezo yaliyoandikwa, na deni hilo ni letu sisi wanakiswahili kabla ya kuwa la wanasayansi.

Somo katika matuta ya Butali

Butali ni mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye. Ni nchi ya miwa. Matrekta huvuta matela ya miwa kuelekea kiwandani, na kandokando ya barabara wamo wahudumu wa bodaboda pamoja na mafundi wao. Mafundi hao hawahitaji kufundishwa maana ya mtikisiko. Pikipiki ipitapo juu ya tuta, springi hubonyea kisha ikarudi. Ikiwa mafuta ya shokomzoba yamevuja, pikipiki hubembea juu chini mara kadhaa kabla ya kutulia. Shokomzoba ikiwa nzima, springi hubonyea mara moja, ikarejea mahali pake, mambo yakaisha. Na iwapo mafuta yaliyotiwa ni mazito kupita kiasi, springi hurudi kwa kujikokota, hata tuta la pili likafika kabla ya athari ya tuta la kwanza kwisha.

Hapo pana mambo matatu yanayofanya kazi pamoja. Uzito wa pikipiki hukataa kubadilishiwa mwendo ghafla. Springi huweka nguvu na kuirudisha. Mafuta huila nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto. Uzito na springi vikiachwa peke yao vitarushiana nguvu bila kukoma. Anayeleta utulivu ni mafuta. Mwanagenzi aliyeelewa hayo chini ya mwembe, mikono ikiwa imejaa grisi, ameelewa kiini cha mada ambayo mwenzake wa chuo anaihangaikia darasani. Kilichobaki ni kumvusha kutoka kwenye springi hadi kwenye umeme. Swali ni kama tunayo lugha ya kumvushia.

Saketi yenyewe

Natuvuke basi. Katika saketi ya RLC, koili hushika nafasi ya uzito: hukataa mkondo wa umeme ubadilike ghafla, kwa sababu mkondo unapobadilika, usumaku unaoizunguka koili huzua volteji ya kuyapinga mabadiliko hayo. Kapasita hushika nafasi ya springi: huweka chaji na kuirudisha. Resista hushika nafasi ya mafuta: hula nishati na kuigeuza kuwa joto. Tukiviunganisha vitatu hivi kwa mfuatano, tukaweka betri ya volti 12 na swichi, kisha tukaiwasha, kapasita haitafikia volti 12 papo hapo. Kuna muda wa katikati, baada ya hali ya zamani kuondoka na kabla ya hali mpya kuimarika. Muda huo ni kipindi cha mpito, na yanayotokea ndani yake ndiyo mwitikio wa mpito.

Tuchukue tarakimu ili tusielee hewani. Koili iwe ya henri 1 na kapasita iwe ya mikrofaradi 1. Kuna kiasi kimoja cha ukinzani ambacho ndicho mpaka kati ya kuyumba na kutoyumba. Hupatikana kwa kugawanya thamani ya koili kwa thamani ya kapasita, kutafuta kipeo cha pili cha jawabu, kisha kuzidisha kwa 2. Katika mfano wetu, henri 1 ikigawanywa kwa sehemu moja ya milioni ya faradi ni milioni 1. Kipeo chake cha pili ni 1,000. Ukizidisha kwa 2 unapata omu 2,000.

Ukinzani wote wa saketi ukiwa omu 2,000 hasa, volteji ya kapasita hupanda bila kupitiliza na kukaribia volti 12 kwa tofauti isiyozidi asilimia 2 katika muda wa takriban milisekunde 6. Ukinzani ukipunguzwa hadi omu 200, volteji hupanda kwa kasi, ikapita volti 12, ikafika karibu volti 20.7, ikashuka chini ya 12, ikapanda tena, kila mara kwa kimo kidogo zaidi. Itayumba hivyo mara sita au zaidi na kutulia baada ya milisekunde 40 hivi. Ukinzani ukiongezwa hadi omu 10,000, hakuna kuyumba hata kidogo, lakini volteji hujikokota, nayo pia huchukua karibu milisekunde 40 kukaribia 12 kwa kiwango kile kile.

Msomaji na alitazame jambo hilo kwa makini. Ukinzani uliopungua mara kumi na ukinzani uliozidi mara tano vimechelewesha utulivu kwa muda unaokaribia kulingana, mmoja kwa sababu ya papara na mwingine kwa sababu ya uzito. Wahenga wetu walizisema tabia hizi mbili pasipo kuiona saketi: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hufundishwa darasani kama methali zinazopingana. Katika saketi hazipingani, kwani kila moja inaonya dhidi ya upande wake wa mpaka ule ule.

Wala hili si jambo la maabara tu. Katika pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapo Butali mna kisanduku ambacho mafundi hukiita CDI. Ndani yake kapasita hujazwa chaji ya volti mia kadhaa, kisha chaji hiyo humwagwa ghafla katika koili ili plagi itoe cheche. Kapasita, koili, na ukinzani wa nyaya: hiyo ni saketi ya RLC, na mwitikio wake wa mpito ndio unaowasha petroli.

Maneno tuliyo nayo

Katika sehemu iliyotangulia nimetumia istilahi kadhaa, na sasa ningependa kuzitetea.

Neno *mpito* lina mashiko. Msikilizaji wa redio katika Afrika Mashariki amelisikia mara nyingi katika maneno *serikali ya mpito*, na anajua kuwa ni serikali ya muda, baina ya iliyoondoka na itakayodumu. Maana hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa katika saketi. *Mwitikio* nalo ni neno ambalo mwanafasihi hana haja ya kuazima. Katika nyimbo zetu za kijadi mwimbaji hutoa wito na kundi likaitikia. Namna ya kuitikia hutegemea wito wenyewe na pia hutegemea kundi: wapo wanaoitikia kwa pamoja na wapo wanaochelewa. Saketi pia huitwa, kwa kuwashwa swichi, nayo huitikia kwa tabia yake.

Kwa dhana ya kupunguza mtikisiko hadi ukome, napendekeza *utulizaji*. Zile hali tatu ziwe *utulizaji pungufu*, *utulizaji wa mpaka* na *utulizaji mzidifu*. Najua wapo watakaopendelea *ufifishaji*, kwa hoja kwamba mawimbi hufifia. Hoja hiyo ni nzuri, lakini kufifia husema tu kwamba kitu kinapungua. Kutulia husema pia kinakokwenda. Baharia aliyesema chombo kinakwenda mrama alikuwa akieleza kuyumba, na aliposema bahari ni shwari alikuwa akieleza hali iliyotulia. Lugha iliyokulia baharini haiwezi kudai kwamba haina msamiati wa mawimbi.

Kuhusu vifaa vyenyewe, sioni sababu ya kukwepa *resista*, *koili* na *kapasita*. Mafundi wanayatumia, na mnyambuliko wa Kiswahili unayabeba bila taabu. Ukopaji ni njia halali ya kuunda istilahi, na ushahidi wake uko katika nyumba zetu nchini Kenya. Tunasema *stima* kwa maana ya umeme, neno lililotokana na neno la Kiingereza la mvuke na vyombo vinavyoendeshwa kwa mvuke. Walimu wengine hulisahihisha kwa wino mwekundu na kuandika *umeme*. Hata hivyo, katika viwanda vya sukari makapi ya miwa huchomwa, maji yakawa mvuke, mvuke ukazungusha mitambo inayozalisha umeme. Katika nchi ya miwa, basi, anayesema stima hayuko mbali na ukweli wa fizikia.

Si jambo geni kwetu

Huenda mtu akasema kwamba hii ni elimu ya wenyewe, sisi tumeipokea juzi. Ni kweli kwamba hesabu yake ilipata umbo mwaka 1853, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipochapisha uchambuzi wa jinsi chaji inavyotoka katika kapasita na kuonyesha ni lini itayumba na ni lini haitayumba. Mwishoni mwa miaka ya 1850 mwanafizikia Mjerumani, Feddersen, aliithibitisha kuyumba huko kwa kuitazama cheche kupitia kioo kinachozunguka.

Lakini miaka 60 hivi baadaye jambo lilo hilo lilikuwa limefika ziwani kwetu. Mitambo ya kwanza ya redio duniani ilifanya kazi kwa cheche: kapasita ilijazwa, ikamwagwa katika koili, na kila cheche ikatoa msururu wa mawimbi yanayoyumba huku yakififia. Mwezi Juni mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza lilipanda meli kutoka Kisumu, likavuka Ziwa Viktoria na kuushambulia mji wa Bukoba, mojawapo ya shabaha zake ikiwa ni kukiharibu kituo cha redio cha Wajerumani. Zaidi ya karne moja imepita tangu watu wa pande hizi waingizwe katika vita vilivyogombania mitambo ya aina hiyo. Si haki kuendelea kuitazama elimu yake kama mgeni aliyesimama mlangoni.

Orodha si maelezo

Hatuwezi kusema kwamba wazee wetu wa taaluma hawakufanya kitu. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Tume ya Makwetta ilikuwa imependekeza kwamba masomo ya sekondari nchini Tanzania yaanze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hapa Kenya, Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4 ambao, kuanzia mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi.

Tunayo kamusi na tunayo Katiba. Tunachokikosa ni aya. Kamusi ya istilahi humpa mtu neno la Kiswahili mkabala wa neno la Kiingereza, ikamwacha hapo. Haimwambii kwa nini koili hukataa mabadiliko, wala kwa nini omu 2,000 ni mpaka. Neno ambalo halijawahi kutumiwa katika sentensi ya kueleza kitu ni mbegu iliyo ghalani: hatuwezi kujua kama inaota. Ndiyo maana istilahi nyingi hufa zikingali kamusini, si kwa ubaya wake, bali kwa kukosa mtu wa kuzitumia hadi zikaonyesha udhaifu au ubora wake.

Hapa saketi inaweza kutufunza kuhusu istilahi zenyewe. Dhana mpya ikiingia katika lugha, nayo huwa na kipindi chake cha mpito. Kwa kile chombo cha kuchakata data tulipata *tarakilishi*, tukapata *ngamizi*, na *kompyuta* ikawepo muda wote. Vitabu vya shule viliyumba kati ya maneno hayo, na mtahiniwa akayumba navyo. Huo ulikuwa utulizaji pungufu: kila mwandishi alitoa lake na hapakuwa na ukinzani wa kutosha wa mjadala. Upande wa pili wako wanaosubiri kamati ikae, ipitishe, ichapishe, ndipo waandike. Hao wako katika utulizaji mzidifu: hawayumbi, lakini hawafiki. Tunahitaji ukinzani wa kiasi, yaani mjadala wa kweli unaofanyika huku kazi ya kuandika ikiendelea.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba mitihani ya uhandisi ni ya Kiingereza, hivyo maelezo ya Kiswahili hayana faida. Sipendekezi mwanafunzi anyang'anywe Kiingereza. Ninachosema ni kwamba kuelewa jambo na kulitaja kwa lugha ya mtihani ni kazi mbili, na tumezoea kumlazimisha kijana azifanye kwa pamoja. Aliyekwisha kuelewa kwamba mafuta mazito yanaichelewesha springi atalipata jina la Kiingereza baadaye. Aliyekariri jina bila kuelewa hana pa kuanzia saketi inapobadilishwa kidogo katika swali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lugha ya nyumbani ya wengi hapo Butali si Kiswahili, ni Kikabrasi. Kwa nini basi tudai kwamba tunamrudishia mwanagenzi lugha yake? Nakubali kuwa Kiswahili si lugha ya mama ya kila mtu. Hata hivyo, kwenye barabara kuu ndiyo lugha ya karakana: fundi anaweza kuwa Mkabrasi, mteja wake dereva wa lori kutoka pwani, na mwanagenzi ametoka kaunti nyingine. Aya moja iliyoandikwa vyema kwa Kiswahili inaweza kusomwa Butali, Bukoba na Tanga. Tena mlango usifungwe: kama Kikabrasi kina kitenzi kinachoeleza kutulia kwa mtikisiko kuliko vyetu, tukikope. Kiswahili hakijapungukiwa kwa kukopa.

La kufanya

Sitaki kumaliza kwa azimio jingine la kupigiwa makofi. Nina mapendekezo matatu ambayo hayahitaji bajeti ya serikali.

La kwanza, kila toleo la jarida la chama chetu litenge kurasa mbili za kueleza dhana moja ya sayansi kwa Kiswahili, iandikwe na mwanakiswahili na kusomwa na mwanasayansi kabla ya kuchapishwa. Mjini Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambako uhandisi na Kiswahili viko katika chuo kimoja. Umbali baina ya idara hizo ni wa kutembea kwa miguu.

La pili, tasnifu za uzamili kuhusu istilahi zisiishie kulinganisha kamusi. Mtafiti aandike maelezo kwa istilahi anazozichunguza, ayapeleke karakanani na darasani, kisha aeleze ni wapi msomaji alikwama. Neno lililomkwamisha fundi lina kasoro, hata kama limeundwa kwa kufuata kanuni zote za mofolojia.

La tatu, tuwasikilize mafundi kama tunavyowasikiliza malenga. Tumezunguka vijijini na vinasa sauti tukikusanya nyimbo, vitendawili na ngano, na tulifanya vyema. Lakini fundi anayemweleza mwanagenzi kwa nini plagi haitoi cheche naye ni msimulizi, na maneno yake yanapotea kila jioni karakana inapofungwa.

Wanasayansi hawatatuandikia, kwa kuwa wao walifunzwa kwa Kiingereza na hawaoni upungufu wowote. Kamati nazo zitakaa kwa wakati wake. Sisi ndio tuliosomea sentensi: tunajua jinsi ya kuijenga ibebe maana nzito isivunjike. Nimejaribu hapa kuandika aya chache kuhusu saketi moja. Mhandisi akiona kosa na alisahihishe, na mwanakiswahili akiona neno bora kuliko *utulizaji* na alilete, mradi alilete likiwa ndani ya maelezo, si ndani ya orodha.